Silabi ishirini na sheria ambayo haikutungwa

Swali: «Mimi ni mwalimu wa darasa la kwanza. Mwanangu wa kidato cha tatu ameweka kwenye simu mchezo wa Kijapani uitwao Dragon Quest, ule wa kwanza kabisa, na ananiambia huko kwao ulipendwa hadi serikali ikatunga sheria usiuzwe siku za shule. Jioni moja nikakaa naye nikautazama. Kijitu kinatembea, kinakutana na tone la buluu lenye macho, mtoto anachagua kupiga, maandishi yanapita, basi. Nikajiuliza, ni hiki ndicho kilichowatia watu wazimu? Naomba unieleze ulivyotengenezwa, na Wajapani waliona nini humo.»

Mwalimu, shikamoo.

La sheria kwanza, maana ndilo jepesi. Hakuna sheria kama hiyo na haijawahi kuwapo. Mwanao hajaitunga yeye. Uvumi huo umezunguka dunia kwa zaidi ya miaka thelathini. Una chanzo cha kweli, ila ni cha mchezo wa tatu katika mfululizo, si wa kwanza. Dragon Quest III ulitoka Jumatano, tarehe 10 Februari 1988. Watu walikesha nje ya maduka ya Tokyo kwenye baridi ya Februari, foleni zikapinda kona za mitaa, na kulipokucha polisi wakawakamata na kuwaonya mamia ya wanafunzi waliotoroka shule nchi nzima. Wapo watoto walionyang'anywa katriji, kile kisanduku cha plastiki chenye mchezo ndani, njiani wakirudi nyumbani. Magazeti yakapiga kelele, wazazi nao wakaitikia. Kampuni iliyouchapisha, Enix, ikajiongeza yenyewe: mchezo wa nne ukatoka Jumapili, tarehe 11 Februari 1990, siku ambayo pia ni sikukuu ya taifa, wa tano ukatoka Jumapili, wa sita, wa saba, wa nane na wa tisa ikawa Jumamosi. Mtu akiitazama orodha hiyo lazima ahisi mkono wa serikali. Lakini wa kumi ulitoka Alhamisi, tarehe 2 Agosti 2012, na toleo jipya la ule wa tatu likatoka Alhamisi, tarehe 14 Novemba 2024. Hakuna aliyeshtakiwa.

Dola iliingilia kati mara moja kweli, ila kwa jambo ambalo waliopanga foleni za maduka ya ushirika wataling'amua haraka: unataka sukari, basi chukua na hii bidhaa nyingine iliyododa. Mwaka 1992 Tume ya Biashara ya Haki ya Japani ilitoa uamuzi dhidi ya muuzaji wa jumla aliyeyabana maduka yachukue michezo isiyonunulika ndipo yapate Dragon Quest IV. Hicho ndicho kilichokatazwa.

Sasa swali lako lenyewe. Ulichokiona kwenye simu ni mchezo wa mwaka 1986 uliovishwa nguo mpya. Picha zimechorwa upya, vitufe vimerahisishwa, na zile shida ambazo ndizo zilizoupa umbo lake zimefutwa. Ndiyo maana umeona kitu chepesi. Ngoja nikupeleke kwenye ule wa kwanza, katriji yenyewe, maana naamini wewe kwa kazi yako utauelewa kuliko hata mwanao. Mimi huandika programu za michezo ya simu, na nikikwama huirudia katriji hii kama fundi anayeirudia kazi ya mwalimu wake.

Waliouanzisha walikutana kwa mashindano. Mwaka 1982 Enix ilikuwa ndiyo kwanza inajiingiza kwenye biashara ya programu bila kuwa na mwanaprogramu hata mmoja, ikatangaza shindano lenye zawadi ya kwanza ya yeni milioni 1 ili wapatikane. Kati ya walioshinda alikuwamo Yuji Horii, mzaliwa wa kisiwa cha Awaji, aliyesoma fasihi Chuo Kikuu cha Waseda na kuishi kwa kuandika makala za majarida. Aliingiza mchezo wa tenisi. Mwingine alikuwa Koichi Nakamura, mwanafunzi wa sekondari kutoka mkoa wa Kagawa. Mwaka uliofuata walipelekwa San Francisco kwenye maonyesho ya kompyuta za Apple, wakakutana na michezo ya Kimarekani ya kuvaa uhusika, ile ambayo vijana huiita RPG: unakuwa shujaa fulani, unapigana na mazimwi, unapata nguvu kidogo kidogo. Miwili iliwakaa rohoni. Wizardry ilikuonyesha adui uso kwa uso ndani ya shimo la giza. Ultima ilikupa ramani ya nchi nzima ukiitazama kutoka juu kama mwewe.

Tatizo ni kwamba michezo hiyo ilikuwa ya watu wenye kompyuta, wenye subira ya kusoma kitabu cha maelekezo, na wenye roho ngumu. Ukikosea, umekufa, ukifa, kazi ya wiki imepotea. Horii alitaka kitu hichohicho kichezwe na mtoto aliyekaa sakafuni mbele ya televisheni, ameshika kidude chenye vitufe viwili na msalaba wa kuelekezea, kwenye mashine ya Nintendo iitwayo Famicom. Mtoto huyo hajawahi kusikia hayo maneno RPG, na maelekezo hayasomi. Kwa nini ayasome?

Hapa, Mwalimu, tazama alichofanya. Mchezo unaanza ukiwa mbele ya mfalme. Huanzii porini wala sokoni; umo ndani ya chumba kimoja kilichofungwa. Mfalme anakupa kazi. Pembeni kuna masanduku, mlinzi amesimama, mlango una kufuli, na upande wa pili wa mlango kuna ngazi ya kushukia. Kitufe kimoja kinakufungulia orodha ya amri nane: sema, nguvu zako, ngazi, mlango, chunguza, uganga, vifaa, chukua. Basi. Hutoki humo mpaka umesema na mtu, umechukua kilichomo sandukuni, umetumia ufunguo mlangoni, na umeamuru kushuka ngazi. Ndani ya sanduku moja ndimo ufunguo ulimo. Ukifika nje umeshajifunza karibu kila kitu utakachokihitaji kwa mchezo wote, na hakuna aliyekufundisha. Darasa limekwisha na mwanafunzi hajui kwamba alikuwa darasani.

Kisha unatoka nje ya ngome, na ng'ambo ya maji, pale pale, unaiona ngome ya Mfalme wa Majoka, adui wa mwisho. Unaiona tangu dakika ya kwanza. Kufika huko ni saa nyingi za kuzunguka nchi nzima, lakini tangu siku hiyo unajua unakwenda wapi. Wengi tunaotengeneza michezo leo tunaweka mshale mwekundu unaorukaruka juu ya skrini kumwonyesha mchezaji njia. Yeye aliweka ngome moja ng'ambo ya maji.

Na kifo? Ukiuawa unarudi mbele ya mfalme, na mfalme anakusuta kwa maneno ambayo kila Mjapani wa rika fulani anayajua kwa moyo. Kwa Kiswahili chetu ningesema: «Ewe fulani! Yaani umekufa? Ndiyo nini hii!» Nusu ya fedha zako zimekwenda. Lakini ujuzi ulioupata kwa kupigana unabaki nao wote. Kwa hiyo hakuna jioni inayopotea. Mtoto mwenye vidole vizito, asiyeweza michezo ya kuruka na kukwepa, alijua kwamba akiendelea tu kupambana na yale matone ya buluu, kesho atakuwa na nguvu kuliko leo. Nadhani hiyo ndiyo siri kubwa kuliko zote za mchezo huu, na haina uhusiano wowote na majoka.

Kuna jambo la ufinyu nisiloweza kulipita haraka, maana ndilo ninalolipenda zaidi.

Katriji ya Dragon Quest ilikuwa na kilobaiti 64. Picha moja uliyotumiwa asubuhi kwenye WhatsApp, ya maua na maneno ya kukutakia siku njema, mara nyingi ni kubwa kuliko mchezo huu wote: nchi yake, miji yake, mazimwi yake, muziki wake na kila neno linalosemwa humo. Nakamura, aliyekuwa na miaka 21 na kampuni yake ndogo ya Chunsoft, ndiye aliyepewa kazi ya kuvishindilia vyote humo. Kila kilichoingia kiligombania nafasi na kingine.

Chukua shujaa mwenyewe. Alichorwa akikutazama wewe mchezaji, na hivyo tu. Hakukuwa na nafasi ya kumchora ubavuni wala mgongoni. Akienda kulia anakutazama wewe, akipanda kaskazini anakutazama wewe. Wajapani wakauita mwendo wa kaa, na aliyekulia pwani hahitaji tafsiri. Sasa ikazuka shida: kama uso wake unakutazama wewe siku zote, mashine itajuaje anazungumza na nani? Kwa hiyo ukichagua «sema», mchezo unakuuliza: mashariki, magharibi, kusini au kaskazini? Toleo la Marekani la mwaka 1989 lilipata katriji kubwa zaidi, shujaa akachorwa pande zote nne, na swali hilo likaondoka. Kwenye simu ya mwanao halipo kabisa.

Au chukua lile tone la buluu. Horii alichora rundo la uteute usio na sura. Mchoro ukapelekwa kwa Akira Toriyama, mchora katuni ambaye wakati huo watoto wa Japani walikuwa wakimsubiri kila wiki kwa Dragon Ball. Aliyewaunganisha ni Kazuhiko Torishima, mhariri wa jarida la Shonen Jump, ambaye Toriyama alikuwa mchoraji wake na Horii mwandishi wake. Toriyama akaurudisha ule uteute ukiwa tone lenye ncha juu, macho mawili ya duara na tabasamu. Huwezi kulichukia. Ndilo adui dhaifu kuliko wote, na ndilo lililokuja kuwa nembo ya mfululizo mzima. Kuna tone jekundu pia, na jingine la chuma. Mchoro ni mmoja. Rangi ndiyo iliyobadilika. Kubadilisha rangi kulikula baiti chache sana, kuchora upya kungekula nyingi.

Nimefika kwenye silabi, ambapo wewe ndiye mtaalamu.

Kijapani huandikwa kwa silabi kama unavyowafundisha watoto wako ubaoni: ka, ki, ku, ke, ko. Kina seti mbili za silabi hizo. Moja ni ya maneno ya kwao. Nyingine, iitwayo katakana, ni ya maneno ya kigeni, na mazimwi na nchi za hadithi za kizungu huandikwa kwa hiyo. Kila herufi ni mchoro, na kila mchoro unakula nafasi. Seti ya kwanza waliihitaji kwa mazungumzo. Ya pili hawakuweza kuiweka yote, wakachagua silabi ishirini tu: i, ka, ki, ko, shi, su, ta, to, he, ho, ma, mi, mu, me, ra, ri, ru, re, ro, na n. Juu ya hizo unaruhusiwa kutia nukta za kubadilisha sauti, ka ikawa ga, ta ikawa da, to ikawa do, he ikawa be.

Jaribu na wanafunzi wako. Kwa silabi hizo utaandika «mama». Utaandika «kaka», na «dada», na «gari». «Baba» huwezi, maana «ba» huzaliwa na «ha», na «ha» haimo.

Kisha rudi kwenye mchezo uone walivyoishi ndani ya uzio huo. Tone la buluu: Su-ra-i-mu. Joka: Do-ra-go-n. Uganga wa kuponya: Ho-i-mi. Uganga wa moto: Gi-ra. Uganga wa kukurudisha nyumbani: Ru-ra. Ngome ya mfalme: Ra-da-to-mu. Mji wenye ukuta unaolindwa na jitu la mawe: Me-ru-ki-do, na jitu lenyewe Go-re-mu. Binti mfalme aliyetekwa: Ro-ra. Shujaa wa kale ambaye wewe ni mzao wake: Ro-to. Hakuna jina la katakana katika nchi ile nzima linalotoka nje ya zile ishirini. Jamaa wa mifupa mitupu, ambaye kwa jina la kigeni angehitaji «ke», wakamwita tu kwa neno la Kijapani la fuvu na mifupa, wakamwandika kwa seti nyingine. Watu husifu majina ya Dragon Quest kwamba yana ladha yake, yanasikika kama ya ukoo mmoja. Ni ya ukoo mmoja kweli. Yametoka kwenye kapu moja dogo.

Kwenye kuhifadhi mchezo palikuwa na ufinyu wa namna nyingine. Katriji ya Kijapani haikuwa na betri, kwa hiyo ukizima mashine haikumbuki kitu. Ukitaka kupumzika unakwenda kwa mfalme, naye anakutajia silabi ishirini zisizo na maana, zinazoitwa maneno ya ufufuo. Unaziandika daftarini. Kesho ukizirudisha sawasawa, shujaa wako anaamka na fedha zake, silaha zake na ujuzi wake. Yaani maisha yake yote yamekunjwa ndani ya silabi ishirini. Na hizo silabi hazikupangwa ovyo: tano, saba, tano, halafu tatu. Tano-saba-tano ni mizani ya haiku, shairi fupi la Kijapani, kama sisi tunavyokaa na nane-nane za utenzi. Mtoto wa Kijapani alizinakili kama anayeandika shairi lisilo na maana. Baadaye watu waligundua kwamba ukiandika haiku mashuhuri ya Basho, ile ya chura anayetumbukia kwenye bwawa la kale, ukaongeza silabi tatu mwishoni, mchezo unaikubali na kukupa shujaa. Ni sadfa ya hesabu, lakini ukiiona ikifanya kazi unacheka peke yako.

Ukikosea silabi moja, skrini inakuambia kwamba maneno sivyo. Yamenikuta. Kuna herufi mbili za Kijapani, «me» na «nu», zinazotofautiana kwa kimkia kimoja kidogo chini kulia. Kwenye televisheni ya zamani kimkia hicho ni ukungu tu. Niliandika moja badala ya nyingine na jioni nzima ya mapambano ikayeyuka. Nikakaa nikijaribu kila «me» na kila «nu» kwenye karatasi ile mpaka saa saba usiku. Sikuipata. Mchezo wa pili ulikuwa na maneno ya ufufuo yanayofika silabi 52, na nawahurumia waliokuwa watoto mwaka 1987. Betri ililetwa na ule wa tatu.

Muziki nitausema kwa kifupi ingawa wapo watakaonilaumu. Koichi Sugiyama alikuwa mtunzi wa nyimbo za redio na matangazo ya televisheni, mtu aliyevuka miaka hamsini, umri ambao kwenye tasnia ile ya vijana ulikuwa uzee mtupu. Alicheza mchezo wa shogi, sataranji ya Kijapani, wa Enix, akajaza kadi ya maoni iliyokuwamo ndani ya kisanduku, nayo ikafika Enix. Wafanyakazi walipoona jina hawakuamini ni yeye. Wakampigia simu. Alitunga muziki wa Dragon Quest kwa muda wa kama wiki moja, kwa mashine iliyoweza kutoa sauti tatu tu kwa pamoja pamoja na mchakacho, akaandika kama mtu wa Bach, yule mtunzi wa kale wa Kijerumani: sauti mbili zinazofukuzana ngomeni. Wimbo wa ufunguzi alisema ulimchukua dakika tano, kisha huongeza: dakika tano na miaka hamsini na minne. Agosti 1987 muziki huo ulipigwa na wapiga ala za nyuzi katika ukumbi wa Suntory, Tokyo.

Nawe huenda umeshausikia. Tarehe 23 Julai 2021, kwenye ufunguzi wa Olimpiki ya Tokyo, wanariadha walipoanza kuingia uwanjani, wimbo wa kwanza kupigwa ulikuwa huo wa ufunguzi wa Dragon Quest. Kama uliitazama na ukashangaa Uganda kuingia mbele ya Kenya na Tanzania, sababu ni zile zile silabi: walipangwa kwa mpangilio wa Kijapani, ambamo «u» inatangulia «ke», na «ke» inatangulia «ta». Niseme pia, kwa kuwa wapo waliochukia wimbo huo kuchaguliwa: Sugiyama alikuwa na misimamo ya siasa iliyowaudhi wengi, ikiwamo kutia saini tangazo la mwaka 2007 katika Washington Post lililokana kwamba jeshi la Japani liliwalazimisha wanawake kuwa watumwa wa ngono wakati wa vita. Alifariki Septemba mwaka huohuo wa Olimpiki. Toriyama alimfuata Machi 2024.

Ulipokelewaje, basi? Siku ya kwanza, tarehe 27 Mei 1986, ulikuwa katriji ya yeni 5,500 ambayo wenye maduka hawakujua waiweke rafu gani. Mauzo yalianza taratibu. Kilichouinua ni mdomo wa watoto shuleni, na Shonen Jump. Jarida hilo lilikuwa likiuza zaidi ya nakala milioni 4 kila wiki, na Horii alikuwa akiandika humo safu ya michezo. Akaitumia kuelezea RPG ni kitu gani, na kuachia siri moja moja. Wapo wanaoona hapo mgongano wa maslahi, na mimi simo miongoni mwa watakaomtetea: mtu anasifia bidhaa yake gazetini. Lakini sifa peke yake haiuzi nakala milioni 1.5 kama mchezo wenyewe haumshiki anayeununua. Wa pili ulitoka miezi minane tu baadaye, Januari 1987, ukauza milioni 2.4. Wa tatu, ule wa foleni, milioni 3.8. Uvumi wa sheria unaeleweka: watu wanatafuta maelezo yanayolingana na ukubwa wa kilichotokea.

Marekani haikuelewa. Mchezo ulifika huko Agosti 1989, miaka mitatu umechelewa, ukiitwa Dragon Warrior kwa kuwa jina la asili lilikuwa tayari na mwenyewe, mchezo wa mezani. Nintendo ndiyo iliyoutoa, ikaufanyia wema mwingi, betri na picha bora, kisha wahusika wote wakapewa Kiingereza cha kale, kana kwamba mfalme wa Radatomu alisoma Biblia ya King James. Watoto wa Kimarekani walikuwa wameshacheza Zelda, ambako unapiga upanga kwa mkono wako mwenyewe. Huku unachagua neno «piga» na kusoma matokeo. Nakala zikadoda. Mwaka 1990 Nintendo ikaamua kuzigawa bure kwa yeyote atakayejiandikisha kupata jarida lake, Nintendo Power, kwa dola 20 za mwaka. Laki kadhaa za nyumba zikapokea kwa posta mchezo ambao hazikuuomba. Siku ya mvua, mtoto hana cha kucheza, anauchomeka. Wamarekani wengi wa umri wangu watakuambia kwamba RPG yao ya kwanza ilikuja hivyo.

Kwetu huku haikufika kabisa. Zile mashine za kuiga Famicom zilizouzwa kwa bei ya kutupa, na katriji zao za njano zenye kujisifia michezo mia kadhaa, zilijaa michezo ya kupiga risasi na kuruka, isiyohitaji kusoma. Mchezo ambao nusu yake ni maongezi ya Kijapani ungemfaa nani Kariakoo?

Kwa hiyo mwambie mwanao kwamba kuhusu sheria ameshindwa, ila kuhusu mchezo ana hoja. Mwombe akuonyeshe pale mwanzo, kabla ya kutoka kwa mfalme, halafu ngome iliyo ng'ambo ya maji. Na siku atakapofika ndani ya ngome hiyo, mwambie akuite. Mfalme wa Majoka hampigi mtu kabla ya kuzungumza naye. Anauliza swali moja: ukiungana nami nitakupa nusu ya dunia, unasemaje? Ndiyo au hapana. Kwenye katriji ya mwaka 1986 aliyejibu ndiyo alipewa nusu yake, na ilikuwa nusu ya giza. Akaambiwa safari yake imekwisha, apumzike, na mashine ikaganda pale pale, haisikii kitufe chochote. Kuna watoto walioketi mbele ya skrini hiyo muda mrefu, wakingoja.

Muulize angejibu nini. Ila ahifadhi kwanza.